Kitabu cha Padri Tempels na Swali la Kosa

Wengi wanadhani filosofia ni kazi ya walimu wakubwa tu. Lakini mtu akiuliza, "Kosa hili ni la nani?" amekwisha ingia katika filosofia, na swali hilo husikika kila siku katika Kolwezi.

Mwaka 1945, katika Élisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alitoa kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Fundisho lake juu ya wema na ubaya ni rahisi kufahamu: anayeongeza uzima wa mwenzake atenda mema, anayeupunguza atenda mabaya. Hata mtoto aweza kulishika neno hili.

Lakini kitabu kiliandikwa kwa Kiholanzi, kikafasiriwa kwa Kifaransa, ili Wazungu wakisome. Muntu alikuwa habari ya kitabu, hakuwa msomaji wake. Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana katika miaka ya 1950, Padri alipoanza Jamaa kati ya wafanyakazi wa Union Minière huku Kolwezi. Bwana na bibi waliketi pamoja, wakafikiri kwa Kiswahili chao juu ya uzima, uzazi na mapendo. Hakuna aliyedaiwa cheti cha shule. Hilo twalisifu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1950 Aimé Césaire, mwandishi wa Martinique, alikishutumu kitabu kwa kuwa kilitukuza mawazo ya Mbantu, kikaweka nyuma mshahara na nyumba yake. Shutuma hiyo ni ya haki. Kanuni ya uzima ilimhukumu jirani. Mwenye mgodi haikumwuliza neno.

Tuipime kanuni hiyo katika mtaa wa Kasulo. Tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Fikiri baba anayechimba apate karo ya watoto, na ukuta wa jirani ukapasuka. Kosa ni la nani? Ni la mchimbaji? La mwenye kiwanja aliyepokea fungu lake? La mnunuzi wa depo asiyeuliza mawe yametoka wapi? La kampuni inayotengeneza betri ng'ambo?

Kujibu "Wote" haitoshi, maana mzigo wa wote hauna mbebaji. Walimu wa maadili walifundisha tangu zamani kwamba wajibu hupimwa kwa ujuzi na kwa hiari. Mwenye njaa ana hiari ndogo. Mwenye fedha na mainjinia anajua mengi, tena aweza kuchagua. Basi wajibu wake ni mkubwa zaidi. Mchimbaji naye hakuachiliwa kabisa, kwa kuwa ukuta wa jirani aliuona.

Anayetaka kufundisha maadili kwa watu wote aanzie hapo, kwenye ukuta uliopasuka. Kanuni ya Padri Tempels aishike, lakini aipeleke hadi ofisi ya mnunuzi.