Wavu wa Mlimani

Wanaoshuka na magari yao kwenda kulala ufukweni Mbamba Bay huwa na haraka moja tu: walione Ziwa Nyasa. Siwalaumu. Tangu lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga ifike ziwani, safari iliyokuwa ikiwalaza watu njiani wakati wa masika sasa inakwisha kabla chai ya chupa haijapoa. Na mwenye gari lenye kitanda nyuma hana hata sababu ya kuulizia bei ya gesti. Hata hivyo nashikilia neno langu: kazi nzuri kuliko zote za mikono ya watu katika njia hiyo haiko majini wala mchangani. Iko juu, kwenye miteremko ya Umatengo, imechimbwa kwa jembe la mkono, na wasafiri wengi wanaipita wakiwa wamepandisha vioo. Nazungumzia ngolo, mashimo ya shamba ya Wamatengo.

Mimi na mke wangu tunasafiri na Hiace kuukuu ambayo mjini ilikuwa daladala. Viti vya nyuma tuling'oa, tukatia kitanda cha mbao chenye droo chini yake, mtungi mdogo wa gesi, ndoo ya maji yenye koki, na chandarua kinachoning'inia kwenye ndoano juu ya madirisha. Ni chumba na jiko kwa pamoja, na hakuna pa kunung'unikia bila mwenzio kusikia. Katika nafasi kama ile ndoa inapata kanuni zake upesi. Aliyeendesha hapiki. Aliyepika haoshi. Anayefunga chandarua ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu dirisha lipi libaki wazi. Kanuni hizi hazikuandikwa popote, lakini mmoja akizivunja usiku unakuwa mrefu.

Tulitoka Songea mwezi Machi, mvua zikiwa bado zina nguvu. Njia ya Peramiho na Kitai tuligawana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, tukapanda hadi Mbinga, mji wa kahawa, tukanunua nyanya na vitunguu sokoni, kisha tukashika njia ya ziwani. Hapo ndipo milima inapoanza kusema. Vilele vya Umatengo vinakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Kushuka huko kote gari linakumaliza katika kipande kifupi cha barabara, kwa gia ndogo na kwa kumwomba Mungu breki zisipate moto. Kushoto na kulia miteremko ilikuwa imejaa vyumba vya udongo, mraba baada ya mraba, matuta yakikutana kwenye kona, shimo katikati ya kila mraba. Kwa mbali mlima mzima ulionekana umetandazwa wavu wa mvuvi, wenye matundu yanayolingana kutoka kileleni hadi bondeni.

Tulisimama. Kwenye shamba lililo juu kidogo ya barabara alikuwako mama mmoja na jembe, na mzee wake hatua chache mbele akipanga majani makavu.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Mmeharibikiwa?"

"Hapana mama, gari ni zima. Tunaangalia kazi yenu."

Mama akacheka. "Kazi haiangaliwi, mwanangu, inashikwa." Akamnyooshea mke wangu jembe.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mvua zikielekea ukingoni, mwanamume anafyeka majani ya shamba lililopumzika, anayaacha yanyauke na kukauka. Kisha anayakusanya katika mistari inayopanda na mistari inayokatiza, hadi mteremko wote unakuwa umechorwa miraba, kila mraba wa mita moja na nusu hivi kila upande. Hakuna kamba wala kigingi. Jicho ndilo linalopima, na jicho hilo limefundishwa na baba, naye alifundishwa na babu. Baada ya hapo zamu ni ya mwanamke. Anasimama katikati ya mraba, anachimba udongo wa juu na kuutupa pande zote nne, juu ya ile mistari ya majani, mpaka majani yafunikwe na kuwa tuta. Juu ya tuta anamwaga maharage, kisha anachimba tena safu ya udongo kutoka shimoni na kuyafukia. Anapohamia mraba wa pili, nyuma yake limebaki shimo lililozungushiwa kuta nne laini, na ndani ya kuta hizo majani yanaanza kuoza.

Kwa maelezo inaonekana rahisi. Mke wangu alishika jembe nikaona tofauti. Mama yule alikuwa akirusha udongo bila kuutazama, nao ulitua pale pale ulipotakiwa, ukijaza kona ambako mistari miwili inakutana, maana kona ndiyo sehemu dhaifu: ikiwa nyembamba, maji ya mvua kubwa yanaipasua, shimo la juu linamwagikia la chini, na la chini linamwagikia linalofuata, mpaka jioni mteremko una korongo. Udongo wa mke wangu ulitua katikati ya tuta na kuacha kona wazi. Mama hakumsema. Alikuja akaigonga ile kona kwa nyuma ya jembe mara mbili, akaongeza udongo kidogo, akarudi mahali pake. Wanaoutafuta ustadi kwenye makumbusho wangeuona pale, katika mapigo yale mawili.

Maharage yakivunwa, mabua na magugu hutupwa shimoni. Mvua za mwisho wa mwaka zikirudi, matuta yale yale hupandwa mahindi, na palizi nayo huenda shimoni. Baadaye shamba linaachwa lipumzike, majani yanaota, na kazi inaanza upya, uozo wa jana ukiwa mbolea ya tuta la leo. Mvua katika milima hii hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, juu ya mlima ambao mgeni angeogopa hata kuupanda kwa miguu. Kila shimo linapokea maji yake, linayatuliza, linayanywesha udongo polepole, na tope lililotaka kukimbia linabaki chini ya shimo. Maharage yanarutubisha udongo ambao mahindi yatakuja kuula. Hakuna kinachotupwa.

Ufundi huu haukuzaliwa kwa raha. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliofika kutoka kusini waliitikisa nchi hii yote, na Wamatengo wakabanwa milimani, watu wengi kwenye ardhi kidogo iliyosimama wima. Aliye bondeni, shamba lake likichoka, anahama, anachoma msitu mwingine. Wao hawakuwa na pa kuhamia. Ilibidi mteremko ule ule uwalishe wao, watoto wao na wajukuu wao, nao umefanya hivyo hadi leo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikaa katika vijiji vya Mbinga, Kindimba kikiwemo, kuichunguza ngolo. Sayansi ilikuja na vipimo vyake kueleza jambo ambalo bibi mwenye jembe alikwisha kulithibitisha kwa kula maharage yake kila mwaka.

Inafaa kukumbuka pia yaliyotokea kwingine. Serikali ya kikoloni nayo iliona mmomonyoko wa udongo milimani, ikaleta dawa yake: matuta ya ngazi, kwa amri na kwa faini. Mwaka 1955 Waluguru wa Morogoro waliyakataa waziwazi, vurugu zikatokea, na mpango ukafa. Matuta ya amri yalihitaji mnyapara, na mnyapara alipoondoka yakabomoka. Ngolo haikuzaliwa na mnyapara. Ina njaa iliyoifundisha na shibe iliyoidumisha.

Lakini sifa zisizotaja gharama ni kujipendekeza. Ngolo ni kazi nzito, na uzito wake umemwangukia mwanamke. Mwanamume akishafyeka na kupanga majani, sehemu yake kubwa imekwisha. Mwanamke anabaki ameinama mraba kwa mraba, mlima mzima, mara nyingi na mtoto mgongoni, na jioni anarudi kupika. Nilimuuliza mzee yule kama naye huchimba. Akamtazama mkewe kabla ya kujibu, kama mtu anayejua kwamba jibu litahakikiwa. "Siku hizi tunasaidiana," akasema. Mama akaendelea kuchimba bila kuthibitisha wala kukanusha. Nikaikumbuka Hiace yetu na kanuni zake, nikaona kwamba kanuni ya aliyepika haoshi ni nyepesi mno kuitwa haki mbele ya mraba mmoja wa ngolo. Vijana wengi wa milimani wanakimbilia mjini au kwenye bodaboda, na wasichana hawalaumiki wakisema hawataki mgongo wa mama zao. Ufundi huu ukitaka kuishi, jembe lazima libadilishane mikono.

Tuliagana na wenyeji wetu tukashuka hadi ziwani. Mbamba Bay ilitupokea kwa vizuri vyake vyote: mchanga, miamba mikubwa iliyolala majini, miembe, maji ambayo unamwona samaki kabla hujamtupia ndoano. Tuliegesha chini ya mwembe kwa ruhusa ya mwenye uwanja, mama mtu mzima aliyetuletea muhogo kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Usiku hapakuwa na mwezi, na taa za wavuvi wa usipa, dagaa wa Nyasa, zilisambaa ziwani mpaka hukujua nyota zinaanzia wapi. Asubuhi wanawake walianika usipa, na tukakaanga wa kwetu kwa mafuta kidogo na nyanya za Mbinga.

Historia ya ufuko huu wageni husimuliwa kwa meli. Ukienda kaskazini hadi Liuli utaambiwa kwamba Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na kwamba Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza. Utaambiwa pia habari za MV Songea na MV Iringa, na sasa MV Mbeya II. Ni hadithi nzuri. Lakini meli hupita. Ngolo ilikuwapo kabla ya Gwendolen, na Machi ile ilikuwa inachimbwa upya.

Tena ziwa lenyewe lina deni mlimani. Nyasa ina kina cha zaidi ya mita 700 na aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Miongoni mwao wamo samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba ya kandokando na kula mwani unaoota juu yake. Mwamba ukifunikwa na tope, meza yao imeondolewa. Mbasa, ambaye kila mla samaki wa Lituhi atakwambia hana mfano, huacha ziwa na kupanda Mto Ruhuhu kwenda kutaga kwenye changarawe safi. Changarawe ikizibwa na udongo, mayai yanakosa hewa. Mito mingi inayozaliwa Umatengo huingia Nyasa, mingine ikishuka moja kwa moja, mingine ikipitia Ruhuhu hiyo hiyo. Kwa hiyo mama aliyeigonga kona ya tuta kwa nyuma ya jembe alikuwa anamfanyia kazi mvuvi asiyemjua. Mlima usipouzuia udongo wake, hakuna sheria ya uvuvi itakayoufuata majini na kuurudisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaopanga utalii wa Nyasa kwa kuanzia ufukweni. Hoteli na mabanda ya kulala wageni yatajengwa, na yajengwe. Magari ya kulala yataongezeka, na yaje. Lakini shamba la ngolo linalolimwa linastahili ulinzi na heshima ile ile tunayoipa jengo la kale, na halmashauri zinazosifu maji maangavu ya Nyasa ziwakumbuke kwanza wanaoyalinda kwa jembe. Afisa kilimo anayefika kijijini na mbegu mpya aulize kwanza shimo linafanya nini kabla ya kuamuru lifukiwe. Shule za wilaya za Mbinga na Nyasa ziwatoe watoto darasani Machi moja, wavulana kwa wasichana, wachimbe mraba mmoja mmoja chini ya jicho la bibi anayejua, na wavulana wachimbe kama wasichana.

Nawe msomaji, ukijaliwa kuipita njia hii na mwenzio, usiimalize kwa kukimbilia maji. Simama mlimani, shuka garini, amkia, omba jembe. Nunua debe la maharage kwa aliyeyalima, na usiombe kupunguziwa bei.