Stesheni Nyingi, Wimbo Mmoja

Siku hizi ukitaka kujua wimbo gani unatamba huna haja ya kununua redio. Panda haisi pale stendi ya Musoma, ukae karibu na dereva. Hadi mfike Bunda utakuwa umeusikia zaidi ya mara moja, na dereva akibadili stesheni utaukuta huko nako unakusubiri. Ukichepuka Makutano kwenda Butiama mambo ni yale yale.

Simo katika kundi la wanaolia eti muziki uliisha na zilipendwa. Bongo Fleva naipenda. Tena historia inazitetea redio za biashara. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilitegemea Redio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango, Radio One ikaingia hewani 1994, Clouds FM ikafuata 1999. Hapo vijana wa kufokafoka, akina Mr. II, walipata pa kusikika. Ajabu ni kwamba mlango waliofunguliwa wao, wengine wanafungiwa.

Chukua mfano wa Daniel Owino Misiani. Alizaliwa 1940 huku huku Mara, upande wa Shirati, akavuka mpaka akawa mfalme wa benga Kenya, na bendi yake akaiita Shirati Jazz. Mwaka 1989 albamu yao ya Benga Blast! ilitolewa Uingereza. Alifariki 2006 kwa ajali ya gari Kisumu. Mzungu wa London aliweza kumnunua dukani. Mimi redioni sijamsikia hata siku moja, na vijana wenzangu niliowauliza Musoma hawamjui.

Kisha liko litungu la Wakurya, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, inayonguruma. Mpigaji husimulia ng'ombe, ugomvi na watu anaowajua. Redioni litungu hutokea siku ya mgeni rasmi, sekunde chache ndani ya taarifa ya habari, halafu mtangazaji anazungumza juu yake. Huko si kupiga muziki, ni kupamba hotuba.

Watangazaji hujitetea: mwenye tangazo anataka masikio mengi, na masikio mengi yanataka wimbo unaojulikana. Sawa, lakini wimbo unajulikana kwa sababu umepigwa! Anayewapikia wageni dagaa kila siku hawezi kusema hawapendi sato. Wengine husema nyimbo hizi ni za kikabila, watu hawataelewa maneno. Mbona amapiano ya Afrika Kusini tunaicheza, na Kizulu hatujui hata cha kuombea maji?

Butiama alizaliwa na kuzikwa mtu aliyeliona jambo hili mapema. Desemba 1962, alipoanza urais, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wapo waliojua kucheza rumba na chacha lakini hata jina la gombe sugu au kiduo hawajapata kulisikia. Leo badili majina ya ngoma tu, masikitiko yabaki palepale.

Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, hasara hii si ya masikio peke yake. Nahangaika na riwaya ambayo wahusika wake wanaishi Mwigobero, karibu na ziwa. Mmoja wao akiwasha redio, nimsikizishe nini ambacho kijana wa Kinondoni hakisikii saa hiyo hiyo? Nikiandika kweli, nitaandika wimbo wa Kinondoni. Nikiandika litungu, msomaji wa Musoma mwenyewe atasema nimetunga. Mahali pasiposikika hewani huanza kuonekana pa uongo hata kwenye karatasi.

Ombi langu kwa wenye redio ni dogo. Toeni saa moja kwa siku, tena isiwe usiku wa manane. Mpelekeni kijana na kinasa sauti Tarime, Ukerewe na Butiama. Mtajeni mpigaji na kijiji chake. Na wimbo wake muuache uishe, jamani, kama mnavyoiacha iishe ile mnayoirudia kutwa.