Simba wa Hercules na Kipimo cha Kalipa

Tazama vichwa vya simba vinavyochomelewa kwenye mageti ya Kinyerezi, Dar es Salaam. Vingi vina uso uliofifia: manyoya yameungana, macho yamebaki vishimo tu. Ni nakala iliyotolewa kwenye nakala. Ugonjwa huohuo ndio unaowahangaisha wakusanyaji wa vibamba vya shaba nyeusi vya Italia vya karne ya 15 na 16.

Vibamba hivyo, vingi vya kuenea kiganjani, vilibeba visa vya miungu na mashujaa wa Wagiriki na Warumi. Galeazzo Mondella, sonara wa Verona anayejulikana zaidi kwa jina la Moderno, alimwonyesha Hercules akipambana na simba wa Nemea. Fundi wa kazi hii alifinyanga picha kwa nta, akaifunika udongo, akauchoma mpaka nta ikatoka, kisha akamimina shaba iliyochanganywa na bati. Kwa kazi nzuri, hapo alikuwa nusu ya safari. Ilibaki kurudi na tindo na tupa, kuchimba upya kila unywele na kunoa kingo za misuli.

Aliyetaka chake naye alikigandamiza kibamba kilichokamilika kwenye udongo, akasubu kingine. Shaba ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1 hadi 2. Picha ya milimita 70 huzaa mtoto wa 69, na mjukuu mdogo zaidi. Kwa hiyo ukitaka kutambua nakala, anza na kalipa. Pima ndani ya picha, tuseme kisigino cha Hercules hadi sikio la simba, kwa sababu ukingo wa nje hukatwa na kupigwa tupa. Kisha linganisha na vipimo vya makumbusho. National Gallery of Art ya Washington inavyo vingi, vilivyowahi kuwa mali ya Gustave Dreyfus wa Paris.

Rangi mimi siiamini hata kidogo, maana hupakwa. Naamini alama ya tindo: ya kwanza ina kingo kali, iliyonakiliwa imelainika. Ila fundi wa baadaye aweza kuichimba upya, na hapo kalipa pekee ndiyo itakayomuumbua.

Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kulizoeza jicho bila kununua kitu. Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa 1927, ilisubiwa London na kiwanda cha Morris, na msingi wake una mabamba yenye picha za kuinuka. Nenda asubuhi, mwanga ukiwa wa ubavuni, uangalie mikunjo ya nguo kwanza.