Kachumbari Hukatwa Mwisho

Pilau ikishatiwa makaa juu ya kifuniko, shangazi yangu hunawa mikono upya, hukaza kanga kiunoni, kisha huuliza matango yako wapi. Kabla ya hapo hataki kuyasikia. Yanakuwa kwenye beseni la maji tangu asubuhi, na binti yeyote atakayeshika kisu kabla ya wakati, akidhani anasaidia, huambiwa: "Bado, mwanangu. Kachumbari hukatwa mwisho."

Nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ambayo harusi, maulidi na hitima za nusu ya mtaa zilipikiwa uani kwetu. Nimewaona wapishi wa pilau wakisifiwa mpaka barabarani. Wageni hunawa mikono huku wakiwataja kwa majina, huulizia bizari zao, huwapeleleza wametia samli kiasi gani. Sijawahi kumsikia hata mgeni mmoja akiulizia nani katengeneza kachumbari. Nimefika umri wa kulisema jambo hili waziwazi: tunawanyima watu hao haki yao. Kachumbari ya tango ni ufundi kamili, na ugumu wake ni kwamba tango halimngoji mtu.

Kazi huanzia sokoni. Shangazi hanunui tango nene lililoanza kuingia umanjano, hata akibembelezwa bei, kwa sababu mbegu zake zimeshakomaa na katikati yake ni ute mtupu. Hutafuta jembamba, la kijani kilichokolea, gumu kutoka ncha hadi ncha, na hulibonyeza upande wa kikonyo, maana huko ndiko huanza kulegea. Nyumbani hukata kipande kidogo upande huo huo wa kikonyo, akakisugua kwa mzunguko pale kilipokatwa mpaka litoke povu jeupe. Bibi alifanya hivyo, na wengi bado wanafanya wakisema povu linatoa uchungu. Lile povu ni utomvu wa tango tu. Uchungu wenyewe hujikusanya zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda, hasa mmea ukiwa umepata taabu ya jua na ukosefu wa maji, kwa hiyo anayekata kichwa cha tango na kukitupa ameshapunguza sehemu kubwa ya uchungu, asugue asisugue. Shangazi husugua, halafu hukata kipande cha pili na kukionja. Kikimkunja uso, tango zima huenda kwa mbuzi.

Halimenyi lote. Huacha mistari ya ganda, mmoja ndani mmoja nje, ili kila kipande kiwe na ukingo wa kushikilia. Kisha hukata vipande vyembamba kiasi kwamba ukikiinua kimoja kwenye mwanga unauona ubapa wa kisu upande wa pili. Matango mawili ya wastani hunyunyiziwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakageuzwa kwa mkono, yakaachwa kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika 15 hadi 20.

Ningependa msomaji akae karibu na chujio hilo walau mara moja, asiondoke. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya tatu au ya nne vipande vinaanza kung'aa kama vimepakwa mafuta, halafu tone la kwanza linadondoka. Kufikia dakika ya kumi bakuli la chini lina maji ya kijani kibichi yanayonukia bustani baada ya mvua. Katika kila gramu 100 za tango, gramu 95 hivi ni maji, na chumvi iliyo nje inayavuta yapite kwenye ngozi za chembe hai mpaka nje. Kuta za chembe zenyewe hubaki zimesimama. Ndiyo maana kipande kilichotoka kwenye chumvi unaweza kukikunja kikafuata kidole bila kukatika, na bado ukikitia mdomoni kinalia chini ya jino.

Hapo shangazi huvichota kwa viganja viwili na kuvikamua, kwa nguvu zaidi kuliko mgeni angetarajia. Maji hayo yasipotoka sasa yatatoka baadaye, mezani, yakazimua ndimu yote. Anayeruka hatua hii kwa haraka anawapa watu supu baridi ya tango. Anayeifuata ametengeneza nafasi ndani ya kila kipande, na ndimu ikikamuliwa juu yake huingia huko ikakaa.

Vitunguu vina matibabu yao. Hukatwa vyembamba, hufikichwa kwa chumvi, husuuzwa kwa maji mara mbili au tatu na kukamuliwa. Ukali unaotutoa machozi haumo kwenye kitunguu kizima. Huzaliwa kisu kinapopasua chembe na vitu viwili vilivyotengwa vikakutana. Ukizaliwa huko, maji hubeba sehemu kubwa, na kinachobaki ni utamu wenye makali kidogo. Kisha kitunguu chekundu kikikutana na ndimu hubadilika rangi mbele ya macho. Zambarau iliyofifia hugeuka waridi kali, na vipande vya tango vilivyo jirani navyo huanza kuambukizwa pembeni. Mimi hulitumia waridi hilo kama saa. Likishika bakuli zima, kachumbari iko tayari.

Pilipili mbichi hukatwa kwa urefu na kutolewa mbegu, maana sahani itafika hadi kwa watoto. Kotimiri huja mwisho kabisa, na huchanwa kwa vidole. Ndimu mbili kwa matango mawili zinatosha, na zisipokuwepo siki hufaa, ingawa mimi sioni kama inafikia. Siki ina ukali ulionyooka. Ndimu ina harufu ya ganda lake, na harufu hiyo ndiyo inayokutana na iliki ya pilau hewani kabla ya mkono kufika mdomoni.

Nilikuwa na miaka 17 nilipokabidhiwa kachumbari ya harusi kwa mara ya kwanza. Nilitaka sana kuonekana mwepesi. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimekata matango 20, nimeyatia chumvi, ndimu, kila kitu, na nimefunika bakuli kwa kitambaa safi. Ndoa ikachelewa kufungwa. Wanaume walirudi kutoka msikitini karibu saa nane. Shangazi alifunua kitambaa, akatia mkono, akainua kiganja, maji yakachuruzika katikati ya vidole. Vipande vililegea kama vimechemshwa, kotimiri imekuwa nyeusi, vitunguu vinanuka. Hakunigombeza mbele za watu. Alimwaga, akamtuma kijana wa baiskeli soko la Mgandini akalete matango mengine, akaanza upya huku masinia yameshapangwa, na akaniweka ubavuni pake niangalie. Wageni walisubiri. Tangu siku hiyo sijawahi kutia ndimu kabla sijasikia kifuniko cha pilau kikifunuliwa.

Wako wanaosema huu ni ushabiki wa kitu cha pembeni. Nawarudisha nyuma kidogo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii, akateremka Mogadishu kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, na katika maelezo ya safari yake akaeleza alichokula. Walimpa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake, pamoja na mboga, palikuwa na malimau yaliyowekwa kwenye chumvi na siki, tangawizi mbichi, na maembe. Aliona kwamba watu wakila tonge la wali walifuatisha na kitu cha chumvi na uchachu. Ni karibu miaka 700 sasa. Sahani aliyoiona haikuwa kachumbari yetu, lakini mkono uliokwenda kwenye wali kisha ukaenda kwenye uchachu ni huu huu tunaoupeleka leo. Samli huupaka ulimi, bizari nyembamba na karafuu huupasha joto, na baada ya matonge matano mlaji hasikii tena alichopikiwa. Uchachu huteremsha mate, ulimi ukasafika, na tonge la sita likawa kama la kwanza. Pilau inayosifiwa barabarani imesaidiwa kufika huko.

Historia hiyo hiyo inanipa nguvu kwenye ubishi mwingine, wa nyanya. Nyumba nyingi leo zikisema kachumbari zinamaanisha nyanya na kitunguu, na tango likitiwa ni la kuongezea. Jina lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi, na tango pia asili yake ni huko, chini ya milima ya Himalaya. Nyanya na pilipili zilitoka Amerika, kwa hiyo kabla ya mwaka 1492 hakuna bakuli lolote upande huu wa dunia lililokuwa nazo. Tango, kitunguu na ndimu vilikuwepo tayari. Sisemi nyanya itolewe. Nairobi, kwenye ubao wa nyama choma, kachumbari ya nyanya na dania iko mahali pake hasa, na Kampala na Kigali wanaijua kwa jina hilo hilo. Lakini penye pilau, nyanya huleta maji yake na utamu wake, na vyote viwili pilau haivihitaji. Penye pilau mimi ni mtu wa tango.

Jambo moja halina mjadala. Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo chochote kilichomo kwenye maji ya kuoshea humfikia mgeni. Shangazi huosha kwa maji yaliyochemshwa usiku na kupoa, hata siku ambazo hakuna tangazo la kipindupindu, na ubao aliokatia nyama haugusi tango. Ndimu ina ukali, lakini si dawa ya maji machafu. Nimewaona pia vijana wa chipsi wanaofunika ndoo zao, wanaochota kwa kijiko na si kwa vidole, wanaokata tango upya kila saa badala ya kuongeza kabichi juu ya mabaki ya mchana. Hao ni mafundi, na wateja wao wanaowarudia kila jioni wanalijua hilo.

Mwezi uliopita tulisoma hitima ya jirani yetu wa miaka mingi. Shangazi sasa magoti yanamsumbua, hakai tena kwenye mkeka na ubao mapajani. Aliwekewa kiti karibu na mlango wa uani, mimi nikakata. Kifuniko cha pilau kilipofunuliwa nilikamua ndimu, nikageuza mara tatu, nikampelekea kipande kimoja cha tango kwenye kiganja changu. Alikitafuna polepole, akiangalia watu wanavyoingia. "Ongeza chumvi chembe," akasema. Nikaongeza. Akaonja tena, akanipungia mkono masinia yatoke.

Ukialikwa shughuli, ukanawa na kushiba, ingia uani umshukuru mpishi wa pilau. Kisha ulizia nani amekata matango. Pengine utamkuta bado hajapata sahani yake, vidole vinamwasha kwa pilipili na vinanukia ndimu. Mwambie ilikuwa nzuri.