Nyangumi wa Loperot Abebeshwa Mlima Usio Wake

Kosa liko kwenye kichwa cha makala. Mwaka 2015 Henry Wichura, Louis Jacobs na wenzao walichapisha katika jarida la PNAS uchambuzi wa nyangumi aliyekufa Loperot, Turkana, miaka milioni 17 iliyopita. Wangeweza kuandika kwamba mfupa ule unaeleza habari za Turkana. Wao wakaamua kwamba unaeleza ni lini Afrika ya mashariki ilianza kuinuka na tabianchi yake kugeuka. Kwa uamuzi huo, kazi safi ya uwanjani ilibebeshwa mzigo ambao nyangumi hawezi kuubeba.

Kazi yenyewe, kabla ya kufika hapo, haina doa: umri umepimwa, jamii ya mnyama imetambuliwa, na makadirio kwamba alikwama mtoni mita 24 hadi 37 tu juu ya usawa wa bahari yamepatikana kwa kulinganisha na mito halisi ya leo.

Tatizo linaanza kwenye hesabu inayofuata. Loperot ya sasa iko mita 620 juu ya usawa wa bahari, kilomita 740 kutoka pwani. Ondoa zile mita thelathini na ushei za wakati wa nyangumi, zinabaki kama 590. Kalamu ilipaswa kuwekwa chini papo hapo: mahali pale, tangu siku ile, pamepanda kwa takriban mita 590, basi. Lakini waandishi walikuwa na namba nyingine mfukoni, ya lava ya Yatta, iliyotiririka miaka milioni 13.5 iliyopita kutoka mahali palipokuwa na kimo kisichopungua mita 1,400. Wakaziunganisha. Nyangumi anasema miaka milioni 17 iliyopita nchi ilikuwa chini, Yatta inasema kufikia milioni 13.5 ilikuwa juu, kwa hiyo uwanda wa juu wa Afrika ya mashariki uliinuka katikati ya tarehe hizo mbili.

Kutoka Loperot hadi chanzo cha lava ya Yatta, kusini, ni kama kilomita 400. Pima kimo cha mtoto wa miaka minane kule Lodwar, kisha upime mtoto wa miaka kumi na miwili Machakos, halafu utangaze kwamba katika miaka minne mtoto amerefuka kiasi fulani. Muuguzi yeyote wa kliniki angeuliza swali moja tu: mtoto yupi?

Na hao si watoto wa nyumba moja. Yatta imeanzia ubavuni mwa kuba la Kenya, pale ambapo ganda la dunia limesukumwa juu kutoka chini. Loperot iko katika lile bonde pana linalotenganisha kuba la Kenya na nyanda za juu za Ethiopia, mahali ambapo ganda limevutwa na kukonda tangu enzi ya Kretasia, ulipofunguka mfereji wa Anza. Uso wa Ziwa Turkana leo hauzidi sana mita 360, ilhali Eldoret iko juu ya 2,000. Kama Turkana na Eldoret hazina kimo kimoja leo, nani kasema zilikuwa nacho wakati wa nyangumi?

Hapa ndipo makala ilipojikwaa vibaya zaidi. Mto hupita mahali pa chini kuliko pote, na nyangumi hupita mtoni. Waandishi wenyewe wanasema mnyama alipanda kwa mto ulioufuata mfereji wa Anza, yaani njia ya bondeni iliyokuwa imekwisha chimbwa makumi ya mamilioni ya miaka kabla yake. Basi ushahidi wake unahusu sakafu ya bonde peke yake. Juu ya milima ya kando hana la kusema, iwe ilikuwepo au haikuwepo. Tazama Peru: pomboo wanaogelea mbele ya mji wa Iquitos, kwenye maji yaliyo kama mita 100 tu juu ya usawa wa bahari, maelfu ya kilomita kutoka Atlantiki, na katika nchi hiyohiyo kilele cha Huascarán kimepita mita 6,700. Mwanajiolojia wa miaka milioni 17 ijayo akiuokota mfupa wa pomboo wa Iquitos na kuandika kwamba Andes hazikuwa zimeinuka, atakuwa amefuata mantiki hii hatua kwa hatua.

Kuna jambo la pili, nalo limo ndani ya bonde lenyewe. Lokichar, alimozikwa nyangumi, ni bonde la ufa lililokatwa upande wa magharibi, likazama na kujaa mashapo kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana wachimbaji walipofika 2012 walikuta mafuta. Mnyama aliyezikwa katika bonde la namna hiyo amelala juu ya sakafu inayoweza kushuka wakati eneo zima linapanda. Zile mita 590 ni salio baada ya kupanda na kushuka. Huenda nguvu za chini zilisukuma zaidi ya hapo, na ufa ukarudisha chini sehemu yake. Namba ya salio haiwezi kugeuzwa kuwa namba ya msukumo, seuze msukumo wa kuba lililo mamia ya kilomita kusini.

Wasomaji wa safu hii watakumbuka kwamba malalamiko haya si mapya. Tangu 1990, Philip England na Peter Molnar walipoandika kwamba kupanda kwa mwamba, kupanda kwa uso wa nchi na kufunuliwa kwa mwamba kwa mmomonyoko ni mambo matatu tofauti, hakuna udhuru wa kuyachanganya. Bado kila mwaka mtu anapima madini ya apatiti yaliyopoa miaka milioni kadhaa iliyopita na kutangaza kwamba mlima ulizaliwa siku hiyo. Apatiti inapoa kwa sababu kilichokuwa juu yake kimeondolewa. Inaweza kupoa hata uso wa nchi ukiwa unashuka. Kosa la Loperot ni ndugu wa kosa hilo: kimo cha mahali pamoja kinageuzwa historia ya nchi nzima.

E. P. Saggerson na B. H. Baker hawakuwa na haraka hiyo. Katika kazi yao ya 1965 kuhusu nyuso za mmomonyoko za mashariki ya Kenya, waliufuata uso wa kale uliolala chini ya lava za Miosini, wakasoma kimo chake hapa na pale, kisha wakachora jinsi ulivyopindika kuelekea Bonde la Ufa. Tarehe zao zimesahihishwa sana baadaye, kwa kuwa upimaji wa umri wa miamba ulikuwa bado mchanga. Lakini uso mmoja ulilinganishwa na uso huohuo, kilima kwa kilima, na msomaji akaona kuba linavyovimba. Hata J. W. Gregory, aliyefika Baringo mwaka 1893, aliliangalia bonde pamoja na kingo zake zote mbili kabla ya kusema lilitokeaje.

Kinachouma zaidi ni kwamba Wichura mwenyewe anajua kufanya hivyo. Kazi yake ya 2010 juu ya Yatta ni miongoni mwa uchambuzi bora wa mwinuko uliowahi kufanyika katika bara hili. Anayesafiri kwa barabara ya Mombasa huuona ukuta ule mrefu, bapa juu kama meza, ukimfuata upande wa kaskazini. Zamani ulikuwa sakafu ya mto. Lava ya fonolaiti ilishuka na bonde kwa kilomita 300 hivi, ikaganda, na kingo laini zikaliwa na mvua hadi sakafu ikabaki juu. Wichura na wenzake walikadiria mnato wa lava ile na jinsi ilivyopoa njiani, wakaona kwamba isingefika mbali hivyo bila mteremko usiopungua nyuzi 0.2. Lava moja, njia moja, kuba moja, na mita 1,400 zikapatikana.

Kutoka kazi hiyo hadi ile ya 2015 ni miaka mitano tu, na katika miaka hiyo mkono uleule ukakubali kuruka kilomita 400.

Gharama ya kuruka huko inaonekana kwenye sehemu ya tabianchi. Makala inaunganisha mwinuko na ukame, na ukame na mabadiliko ya jamii ya nyani, na magazeti yakaimaliza hadithi: msitu ukakauka, majani yakaota, babu zetu wakashuka mitini. Mwaka 2023 tafiti za Moroto, Uganda, na maeneo mengine ya Miosini ya mapema zilionyesha kwamba majani ya aina ya C4, yale ya savana, yalikuwa tayari mengi karibu miaka milioni 21 iliyopita. Yaani nyasi zilitangulia nyangumi kwa miaka milioni nne.

Na mfupa wenyewe ulistahili heshima zaidi. James Mead aliufukua 1964 na kuuchapisha 1975, kisha ukapotelea katika hifadhi za Marekani mpaka Jacobs, aliyeutafuta kwa miongo mitatu, alipoupata 2011. Subira ya namna hiyo ilihitaji mwisho wa tahadhari zaidi.

Kama swali ni lini kuba la Kenya liliinuka, ushahidi uko kwenye kuba. Anayeteremka kutoka Iten kwenda bonde la Kerio anaupita barabarani: juu kabisa fonolaiti nyeusi za Uasin Gishu, chini yake mashapo ya Tambach yaliyowekwa na maji kabla lava haijafika, na chini zaidi miamba ya kale ya nisi. Mahali mashapo yanapokutana na nisi ndipo ulipolala uso wa nchi uliokuwepo kabla ya volkano, na mtu anaweza kuweka kiganja juu yake akiwa amesimama kando ya barabara.