Utomvu na Usaha: Kasoro ya Fasili Katika Kamusi Zetu

Watunga kamusi wetu wamezoea kuyafasili maneno utomvu na usaha kwa kuanza na neno moja pana, majimaji, kisha kutaja yatokapo: mtini au kidondani. Kamusi za lugha mbili, kama ya Krapf (1882) na ya Johnson (1939), zilikusudiwa kumpa mgeni neno la lugha yake. Kwa kazi hiyo fasili fupi yatosha. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili haina udhuru huo.

Kasoro si ufupi, bali ni kutosikiliza vitenzi. Usaha hutunga kabla ya kutoka, kama mimba itungavyo. Utomvu hautungi, huwamo mtini siku zote, nao hutoka gome likatwapo. Kadhalika kitenzi kuiva. Jipu bichi halitumbuliwi, kwa kuwa usaha haujakusanyika. Likiiva ndipo lipasuliwapo. Papai ni kinyume chake: likiwa bichi hutoa utomvu mwingi mweupe, na kadiri liivavyo ndivyo utomvu upunguavyo. Basi kuiva kule kule ni kujaa kwa usaha na kupungua kwa utomvu. Neno majimaji laificha tofauti hii, ijapokuwa mkulima na muuguzi waijua vema.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa waangalifu zaidi. Katika karne ya 19 Unguja iliuza ng'ambo sandarusi iliyochimbwa bara, ili itengenezwe vanishi. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aeleza kwamba iliyokomaa ardhini ndiyo iliyoitwa sandarusi hasa, na iliyo changa iliitwa chakazi. Asili yake ni moja, yaani utomvu wa mti, lakini umri uliipa majina mawili.

Wala jambo hili si la wanalugha peke yao. Kidonda kinachopona chaweza kutoa maji maangavu. Usaha una chembe nyeupe za damu zilizokufa, na mara nyingi ni dalili kwamba vijidudu vimeingia. Mgonjwa aambiwaye arudi hospitali "akiona majimaji" hakuambiwa kitu. Naye mwanafunzi afundishwaye kwamba utomvu ni maji ya mti atadhani utomvu wa mnyaa, uwezao kuyadhuru macho vibaya, ni sawa na maji yapandayo kutoka mizizini.

Yafaa fasili iseme mambo matatu: kitu hupatikanaje, hutokaje, na huwaje kikishatoka. Kwa mfano:

Utomvu: kitu kinatacho kilichomo ndani ya mti au tunda bichi, kitokacho pakatwapo, na aghalabu kuganda kikipata hewa.

Usaha: kitu kizito, cheupe au cha manjano, kitungacho mwilini palipo na uvimbe au kidonda, na kutoka jipu liivapo au litumbuliwapo.

Fasili hizi ni ndefu kuliko tulizozizoea, lakini muuguzi na mwalimu waweza kuzitumia bila kumpoteza mtu.