Maleba ya Poly Styrene: Kuiga Vazi au Kuiga Tendo?
Wapo wanaoiga maleba ya Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya roki ya X-Ray Spex iliyoundwa London mwaka 1976, kwa kununua nguo mpya zilizoshonwa zifanane na zake. Huko ni kumsoma vibaya. Binti huyu wa baba Msomali, aliyejipa jina la aina ya plastiki, alipanda jukwaani na mitumba na vitu vya plastiki vyenye rangi kali, vyuma vya meno vikionekana wazi, huku nyimbo zake zikiikejeli jamii inayoabudu ununuzi. (Vazi la dukani lenyewe ni sehemu ya yanayokejeliwa.) Anayetaka kuyafufua maleba hayo na aanzie kwenye mitumba, mkasi na sindano, hata atakachopata kisipolingana na picha za 1978.